Piko ya Harusi na Rangi ya Mvi ni Unga Mmoja

Asalaam aleikum mama zangu, dada zangu. Ahsanteni kwa kuja. Tupo Shaabani, na najua kila mmoja wenu ana harusi ya kwenda na nyengine ya kuandaa, kwa hiyo sitawaweka sana.

Nimeweka vitu viwili hapa mezani. Hiki ni kipakti cha rangi ya nywele, ule unga mweusi wa kufichia mvi, nimekinunua leo asubuhi kwenye duka la vipodozi. Na hii ni koni ya piko, ya kuchorea mikono na miguu. Nataka mkitoka hapa muwe mnajua kwamba kinachotia weusi katika hiki na kinachotia weusi katika hii ni kitu kimoja. Wapakaji mliomo humu hamhitaji kuambiwa. Nyinyi ndio mnaokata kipakti, mnamimina ungani maji, mnakoroga mpaka uwe mzito, kisha mnatia kwenye koni.

Kitu hicho kinaitwa parafenilinidaiamini. Jina gumu, kwa hiyo kwenye maboksi na vitabuni hufupishwa PPD. Kwa herufi hizo tatu ndivyo tutakavyoiita leo.

PPD ikiwa peke yake haina rangi ya maana. Weusi unakuja ikikutana na oksijeni. Saluni huchanganya na dawa ya pili, haidrojeni peroksaidi, ili oksijeni iwe nyingi na kazi iende haraka. Piko haitiwi chupa hiyo ya pili, inakorogwa kwa maji tu. Chembe za PPD ni ndogo mno, zinapenya ndani ya unywele. Zikishaingia zinaungana, zinakuwa kubwa na nyeusi, haziwezi tena kutoka. Ndiyo maana rangi ya kudumu haioshwi na sabuni, unangoja mvi zichomoze upya kutoka kwenye mzizi.

Sasa udogo huo unaoziwezesha kupenya unywele, ndio unaoziwezesha kupenya ngozi.

Hapa naomba niseme kuhusu amonia, maana kila siku naulizwa. Amonia kazi yake ni kufungua magamba ya unywele ili rangi iingie. Inanuka, inatoa machozi, na mwenye pumu inambana kifua. Kwa sababu inanuka, watu wanaiogopa hiyo, na wakiona boksi limeandikwa haina amonia wanapumua. Mama zangu, boksi lisilo na amonia linaweza kuwa na PPD tele. Na PPD hainuki kitu.

Mara ya kwanza ikikuingia, mara nyingi huoni lolote. Mwili unamtazama mgeni, unamkariri sura. Kukariri huko kunachukua kiasi cha siku kumi mpaka wiki mbili. Wengi wetu mwili haujishughulishi, unapaka miaka ishirini salama. Lakini mwili ukishaamua kwamba huyu ni adui, basi kila akirudi unampiga, kwa kawaida ndani ya siku moja mpaka tatu. Na uamuzi huo haubadilishwi. Hakuna dawa ninayoweza kukuandikia ikaufanya mwili umsahau.

Nitawahadithia mgonjwa mmoja. Sitamtaja, na kwa kuwa ni wengi wanaofanana naye, hamtamjua. Alikuja asubuhi ya siku ya tatu ya harusi ya mwanawe, kashikwa mkono na shemeji yake, maana alikuwa haoni njia. Kope zimevimba zimefunga. Paji la uso limejaa maji, masikio yamekuwa mekundu, na pembezoni mwa nywele usaha unatoka ukikauka kama ganda la asali. Alipaka rangi Alhamisi usiku ili Ijumaa asimame na mvi zimefichwa. Nikamuuliza, umeshawahi kupaka rangi kabla? Akasema, "Wallahi daktari, hii ndiyo mara yangu ya kwanza tangu nizaliwe." Na alikuwa anasema kweli.

Nikamshika mkono nimpime mapigo ya moyo. Nilipougeuza, pale juu ya kifundo cha ndani nikaona ua. Ua lenye majani sita na kikonyo kinachopanda kuelekea kiwiko, limechorwa kwa ngozi yake mwenyewe, ngozi iliyopauka kuliko iliyolizunguka. Nikapitisha kidole juu yake, nikauhisi mchoro kwa ncha ya kidole. Nikamuuliza hili nini? Akacheka kidogo, akasema ni piko ya harusi ya dada yake, yeye alikuwa na miaka tisa, ikamtoa malengelenge, mama yake akampaka mafuta ya nazi ikapoa. Miaka thelathini na tano ilikuwa imepita. Yeye alishasahau. Mwili haukusahau.

Hilo ndilo lililonileta kwenu leo. Tunawapaka piko watoto wa miaka mitano, sita, saba, kwa furaha na kwa mapenzi, na tunawafundisha miili yao uadui na kitu watakachokihitaji wakifika arubaini.

Mtaniuliza, kwani kichwani si ngozi? Ni ngozi, lakini tazameni vipimo. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka: rangi ya nywele ikishachanganywa, PPD isizidi asilimia 2, na ni kwa nywele tu, haipakwi mwilini. Boksi la huko linasema pia kwamba haikukusudiwa walio chini ya miaka 16, na linaonya kuwa michoro ya hina nyeusi inaongeza hatari ya mzio, yaani aleji, huko mwili kumpiga mgeni. Piko zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa na zaidi ya asilimia 10, nyengine zaidi ya 15. Halafu rangi ya kichwani inakaa nusu saa inaoshwa, piko inakaa mpaka ikauke na kubanduka yenyewe.

Marekani walijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1933 iliuzwa huko rangi ya kope na nyusi ikiitwa Lash Lure, ndani yake mna PPD. Wanawake walivimba, kuna waliopofuka, na kuna aliyekufa. Msiba huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma sheria ya mwaka 1938 iliyoipa serikali yao nguvu juu ya vipodozi. Kwa hiyo rangi ya nywele isifike kwenye kope wala nyusi. Nasisitiza hili kwa sababu naona siku hizi nyusi zinapakwa piko ili zikolee.

Hina je? Hina haina kosa hili. Majani ya mhina yana rangi yake ya asili, na rangi hiyo ni ya chungwa inayokwenda kwenye wekundu na udongo. Unailoweka kwa ndimu, unailaza, unaipaka, na inakolea kidogo kidogo kwa siku mbili. Mhina hautoi weusi wa mkaa. Ukiletewa kitu kinaitwa hina nyeusi, kikakupa mkono mweusi ndani ya saa moja, hiyo ni PPD imevaa buibui la hina. Na vipakti vingi vya nywele vyenye picha ya jani na neno la asili ndivyo vilivyo, geuzeni mgongo wake msome.

Ila hina yenyewe ina mtu mmoja wa kuikwepa: mtoto mchanga. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kitu cha mwilini kinacholinda chembe za damu, na sehemu zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, kama pwani yetu, upungufu huo si jambo la ajabu. Mtoto wa namna hiyo akipakwa hina, inaweza kuvunja chembe zake za damu, akawa wa manjano, akaishiwa damu. Madaktari wa Umoja wa Falme za Kiarabu waliandika visa vya hatari vya namna hiyo mwaka 2001. Siku ya arubaini mpambeni mtoto kwa nguo na manukato, hina mngojeeni akue.

Nije kwenye saratani, kwa sababu maneno ni mengi huko nje. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limetenganisha watu wawili. Mtu anayejipaka nyumbani, wamesema ushahidi hautoshi kumhukumu. Msusi au kinyozi anayefanya kazi hiyo maisha yake, wamesema kazi hiyo huenda inasababisha saratani, hasa ya kibofu. Wauguzi 117,200 wa Marekani walifuatiliwa miaka 36, na matokeo yaliyotoka 2020 hayakuonesha hatari kubwa kwa saratani nyingi kwa wanaotumia rangi za kudumu. Lakini utafiti mwengine wa Marekani wa wanawake 46,709, uliotoka mwishoni mwa 2019, ulikuta saratani ya matiti zaidi kidogo kwa waliotumia rangi za kudumu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake weusi. Wengi waliochunguzwa katika tafiti hizi ni wazungu, kwa hiyo mimi siwezi kuwaambia mlale usingizi, wala siwatishi. Nasema pakeni mara chache. Anayepaka kila wiki sita kichwa kizima anaweza kugusa mizizi tu.

Na wasusi, dada zangu, mikono yenu. Nimewaona mnapaka kwa mkono mtupu, au mmevaa glavu iliyotoboka kwenye kidole gumba tangu juzi. Glavu ya nitrili, mpya kwa kila kichwa, na mkiivua msiigeuze mkaivaa tena. Fungueni madirisha. Msusi akipata mzio wa PPD vidole vinapasuka, na hapo kazi yenyewe ndiyo imeondoka.

Anayetaka kupaka, afanye hivi. Saa 48 kabla, achukue tone la rangi ile ile, sio ya rafiki yake, afuate karatasi ya maelekezo, aweke nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko. Ikiwasha, ikivimba, ikiwa nyekundu, atupe boksi. Boksi jipya, jaribio jipya, hata kama ni chapa aliyoizoea. Kichwa kiwe kizima, hakina kidonda wala mkwaruzo, na asitie dawa ya kulainisha nywele na rangi katika wiki ile ile. Ziachane wiki mbili. Mafuta mazito kwenye paji na masikioni. Saa iwe mbele yake, dakika zikifika aoshe, kwani kuzidisha muda kwa kutaka ikolee ndiko kunakochoma. Na wazee wetu wanaopaka ndevu, waambieni uso ni laini kuliko utosi, jaribio linawahusu wao zaidi.

Ukiona uso unaanza kuvimba, osha kwa maji mengi na sabuni laini, usipake dawa ya mswaki, njoo hospitali. Midomo na ulimi vikivimba au sauti ikikauka, usingoje kupambazuke.

Jambo moja la haraka lakini zito: unga huu ukimezwa unaua. Sudan wanauchanganya na hina, na madaktari wa Khartoum wameandika kwa miaka mingi kuhusu watu, wakiwemo watoto, waliofika shingo imevimba mpaka ikabidi watobolewe koo wapate pumzi. Walionusurika hapo, misuli ilivunjika, mkojo ukawa kama chai ya rangi, figo zikasimama. Hakuna dawa maalumu ya kuuvunja nguvu. Kwa hiyo kipakti kisikae kabatini na sukari, wala kwenye meza ya vipodozi anapofika mtoto, na katika nyumba yenye mtu mwenye huzuni kubwa kisiwekwe kabisa.

Sasa niwaoneshe lile jaribio la tone. Nani yuko tayari? Haya, mama mwenye mtandio wa buluu, karibu ukae kiti hiki. Harusi ni lini?

"Jumamosi, daktari. Ya binti wa kaka yangu."

Leo Jumatano, tunazo saa za kutosha. Kabla sijafungua boksi nina swali moja tu. Piko ulishapaka?

"Nimepaka sana."

Ilishawahi kukuwasha?

"Mwaka juzi iliniwasha kidogo. Si kitu, siku mbili tatu tu, nikajikuna ikapoa."

Wapi?

"Hapa, mguuni. Vikatoka vipele kufuata maua."

Mnasikia? Kufuata maua. Mama, basi wewe sikutii hata tone, si nyuma ya sikio wala popote. Jaribio hili ni la asiyejua, na wewe mguu wako ulishajibu mwaka juzi. Rudi ukae. Kabla hujaondoka nitakuandikia karatasi yenye jina la PPD na jina la ndugu yake, toluini-daiamini, maana boksi lisilo na mmoja mara nyingi lina mwengine, na wengi wanaodhuriwa na mmoja hudhuriwa na wote wawili. Utaiweka kwenye pochi, na utamuonesha daktari wa meno pia, kwa kuwa kuna ganzi za kupaka zinazofanana na kitu hiki. Jumamosi paka hina kwenye hizo mvi, hina tupu na ndimu. Zitatoka nyekundu.

Sasa nani mwengine, ambaye piko haijamfanya kitu?