Maji ya Kisumu Hayachemki kwa Nyuzi 100

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango,

Wanaonijua wanajua nitakaloanza nalo, jambo la wanafunzi kufuta walichopima ili kilingane na kitabu, na naona baadhi yao wamekwisha kutabasamu. Nitalisema hata hivyo, kwa sababu kila nikirudi katika maabara zetu nalikuta pale pale nilipoliacha.

Siku moja nilialikwa katika shule fulani isiyo mbali na ziwa letu hili la Victoria kutazama somo la vitendo. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maji na kuandika joto lake kila baada ya dakika moja. Binti mmoja alifika mahali ambapo maji yalikuwa yakitokota kabisa, lakini kipimajoto chake kilikuwa kimesimama kwenye nyuzi 96. Akaandika 96. Akangoja dakika nyingine, akaandika 96 tena. Kisha akamtazama jirani yake, akafungua kitabu, akachukua kifutio, na zile 96 mbili zikawa 100. Mwalimu alipopita alimpigia vema. Mvulana wa meza ya pili, aliyekataa kuifuta 96 yake, akapigiwa kosa.

Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba vipimajoto vya shule vimezeeka. Sawa, huenda vimezeeka. Lakini shaka ya namna hiyo hupimwa, haitangazwi tu. Tulimtuma kijana kwa wachuuzi wa samaki akaleta barafu, tukaiponda, tukaiacha ianze kuyeyuka, tukakitumbukiza kipimajoto kile kile kilichodharauliwa. Kikasoma sufuri, kama inavyotakiwa kwa barafu inayoyeyuka. Mwalimu akasema basi maji ya bomba yana chumvichumvi. Ndugu zangu, chumvi hupandisha kiwango cha kuchemka, haikishushi.

Mlikwisha kuwafundisha wanafunzi ninyi wenyewe kwamba maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kusukumana sawasawa na hewa iliyoyakalia. Ziwa hili liko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko ya Mombasa, ambako zile nyuzi 100 za kitabu zina haki yake. Hapa Kisumu ni karibu 96; Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni karibu 94. Mpishi wa shule aliyehamia Nakuru kutoka pwani anaijua fizikia hii kwa kuni anazoongeza chini ya sufuria ya maharagwe. Binti yule alikuwa amepima mwinuko wa mji wake kwa kipimajoto na sufuria, tukamfundisha kuufuta.

Najua mtaniambia habari za mtihani: karatasi ya tatu ya fizikia katika KCSE, ile ya vitendo, ina alama 40, muda ni saa mbili na nusu, na mzazi haulizi kuhusu uaminifu bali kuhusu gredi. Sibishani na mzazi. Nasema tu kwamba mtoto aliyezoea kuandika jibu kwanza na vipimo baadaye huanguka siku anapopewa jaribio asilolijua jibu lake, na anapoanguka tunamlaumu kwamba hakusoma.

Wengine mtasema hamna vifaa. Jiwe, uzi wa mita moja na saa ya simu vinatosha. Funga jiwe kwenye uzi, lining'inize na ulibembeze; hesabu mabembeo 20 ya kwenda na kurudi, utapata sekunde 40 na kitu. Hesabu bembeo moja tu, na utagundua kwamba kilichopimwa ni wepesi wa kidole chako. Hilo peke yake ni kipindi kizima, na halihitaji hata shilingi ya mkuu wa shule.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo habari za kazi za wanafizikia, ambazo ndizo zilizoandikwa kwenye tangazo la leo, nitazikimbiza. Kule Olkaria, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, kuna watu ambao kazi yao ni kushusha vipimajoto visimani na kuamini kinachorudi, hata kikivunja matumaini ya waliolipia uchimbaji. Katika hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi yuko mwanafizikia anayehakiki kipimo cha mionzi ya mashine kabla mgonjwa hajalazwa chini yake. Yeye akifuta 96 na kuandika 100, hakuna vema inayomsaidia mgonjwa. Nilitaka pia kuzungumzia mizani za sokoni, lakini nitaziacha.

Ombi langu ni moja. Kabla hatujakutana tena, kila mmoja achemshe maji shuleni kwake, akihakiki kipimajoto kwa barafu kwanza, na aniletee namba aliyoiona. Mwalimu wa Kericho, wewe unakaa juu zaidi ya Nakuru. Ukiniletea 96, nitajua umenakili kwa mwenzako wa Kisumu.