"Mbona Usiibomoe Hiyo Nyumba?" Leo Nawajibu Watu wa Komenti

Jamani, habari zenu. Leo sikupanga kurekodi, ila kila nikifungua komenti nakutana na swali lilelile: "Kaka, umeenda Uingereza kuishi nyumba ya udongo? Mbona usiibomoe ukajenga ya maana?" Mmoja anasema naringa, mwingine anasema nalalamika, basi nirudi Tanga. Nisikilizeni kwanza, mkitaka kunitukana mtanitukana baadaye.

Ndiyo, ni ya udongo. Niko kijijini Suffolk, mashariki mwa Uingereza, si mbali na mji mdogo wa Lavenham. Ngoja nisogeze simu hapa, plasta ilipodondoka. Ilidondoka yenyewe, nasema mapema kabla afisa wa majengo ya kale hajaiona hii video. Mnaona? Nguzo za mwaloni, katikati fito zimesukwa, zimekandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe. Na hapa pana alama za vidole vya aliyekandika. Bibi yangu wa Muheza angeingia humu asingeshangaa chochote, labda baridi tu.

Mnaosema imepinda, imepinda kweli. Hawa mafundi walikuwa wanachonga mwaloni ukiwa mbichi, kwa sababu ukikauka hauchongeki kirahisi. Unakaukia ukutani, unajinyonga, na nyumba nzima inaufuata. Viungo vimeshikwa kwa vigingi vya mti. Hii mistari mitatu iliyochanjwa kwenye boriti ni namba ya Kirumi: walikuwa wanapanga mbao chini uwanjani, wanazitia namba, ndipo wanakuja kusimamisha. Huku juu mapaa ni meusi tii, na hiyo si rangi. Zamani hapa palikuwa ukumbi mmoja mpaka kwenye paa, moto unawaka katikati ya sakafu, moshi unajitafutia njia ya kutokea. Dohani na ghorofa vilikuja baadaye. Masizi yale yamebaki, na huruhusiwi kuyasugua.

Sasa kwa nini nyumba hizi zimebaki hapa na si kila mahali? Watu wanadhani ni kwa sababu Wazungu wanapenda vya kale. Kilichoziokoa ni njaa. Lavenham ilitajirika kwa kitambaa cha sufu cha bluu, mpaka miaka ya 1520 ikawa kati ya miji tajiri ya Uingereza. Jumba la chama chao cha zamani (Guildhall), lile linalopigwa picha na kila mtalii, lilijengwa karibu na 1530. Halafu wafumaji waliokimbia vita Uholanzi wakaingia mji wa Colchester na kitambaa chepesi cha bei nafuu, biashara ya Lavenham ikafa. Kwingine matajiri walibomoa wakajenga kwa mtindo mpya. Hapa hakuna aliyekuwa na hela ya kubomoa. Mnachokiona kwenye kalenda ni umaskini wa karne nne, umepakwa chokaa.

Haya, kuhusu kubomoa. Nyumba hii imeorodheshwa na serikali, daraja la pili, daraja ambalo ndani yake yamo zaidi ya asilimia 90 ya majengo yote yanayolindwa. Ukibomoa au kubadilisha bila kibali ni kosa la jinai: faini isiyo na kikomo au jela mpaka miaka miwili. Siyo nje tu, na ndani pia. Kwa hiyo aliyenishauri niweke madirisha ya alumini, asante, lakini sitaki kwenda kutembelewa gerezani.

Kibali chenyewe hakilipiwi ada. Msishangilie. Lazima uwe na michoro, na maandishi ya kueleza dirisha lako lina umuhimu gani kihistoria, na anayeyaandika hafanyi bure. Halafu kodi. Ukijenga nyumba mpya kabisa, kodi ya ongezeko la thamani ni sifuri. Ukikarabati hii wanayokukataza kuibomoa, asilimia 20. Mpaka 2012 mabadiliko yenye kibali yalikuwa na msamaha, nao wakaufuta.

Kinachoniuma zaidi ni huu ukuta wa nyuma. Mwenye nyumba wa zamani aliupiga saruji. Watu wa Mji Mkongwe Unguja na wa Lamu wanajua: ukuta wa chokaa unatoa unyevu, saruji inaufungia ndani. Boriti ya chini imeoza, ukiibonyeza kidole kinazama. Na sheria inasema amri ya kurekebisha kazi isiyo na kibali anapewa anayemiliki sasa, hata ikipita miaka mingapi. Yule yuko zake Hispania anaota jua.

Halafu mjomba wangu kaandika kwenye grupu la familia kwamba nimeshindwa maisha, eti wenzangu Dodoma wana vigae. Mjomba, bati lako nililipia mimi, na risiti ninazo. Basi, tusifike huko.

Wanaoniuliza wanunue au wasinunue, mimi siwezi kumshauri mtu. Kila mmoja na mfuko wake na moyo wake. Mimi napenda ile alama ya vidole ukutani, mwingine atakwambia nina wazimu na atakuwa na hoja. Ila kama ungependa, kabla ya kuweka sahihi mlipe mkaguzi anayezijua nyumba za mbao, siyo yule wa bei rahisi wa benki, na uulize kila kilichobadilishwa kina kibali chake.

Suala la popo waliomo darini, ambao nao wanalindwa na sheria ya 1981, litasubiri video nyingine. Fundi wa chokaa amefika, na huyu anachaji kwa saa.