Kupiga ziro gobore la kisasa kabla ya msimu wa kulungu

Haya, karibuni sana. Leo tunapiga ziro, yaani tunairekebisha darubini ya bunduki mpaka risasi iangukie pale unapolenga. Tuko kwenye uwanja wa shabaha hapa Pennsylvania, upepo umetulia, na hapa mezani kuna gobore. Ndiyo, gobore. Wanaolijua lile la kijijini msicheke: hili lina darubini, tako lake ni la plastiki, na fataki, kile kiwashio cha baruti, inakaa nyuma ya mtutu badala ya ubavuni. Kazi lakini ni ileile. Baruti inaingilia mdomoni, risasi inaingilia mdomoni, unashindilia. Kila risasi unaitengeneza mwenyewe, kwa hiyo risasi zikitawanyika kwenye karatasi, jiangalie mikono kabla ya kuilaumu darubini.

Miwani machoni, viziba masikio. Hayo mnayajua.

Kwanza hakikisha halijashindiliwa. Tumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka chini, weka alama kwenye mdeki pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Hiyo ni alama ya mtutu mtupu. Nimetumia utepe mweupe ili kamera ione, ila nyumbani chora kwa kisu au kalamu isiyofutika. Baadaye tutaweka alama ya pili, na hiyo ya pili ndiyo itakayolinda vidole vyako.

Sasa mafuta. Gobore lililokaa kabatini tangu Januari lina mafuta ndani, na mafuta ni adui wa baruti. Pitisha viraka viwili vikavu, yaani vile vitambaa vidogo vya kusafishia. Kisha acha kimoja kikae chini kabisa kwenye ncha ya mdeki, elekeza mtutu kwenye shabaha, weka fataki tupu bila baruti, fyatua. Toa mdeki. Mnaona hili doa jeusi lililoungua katikati ya kiraka? Maana yake njia ya moto iko wazi. Kiraka kikitoka cheupe, usishindilie chochote. Fungua kizibo cha nyuma, safisha kile kitundu.

Baruti. Mimi natumia Triple Seven ya unga, siyo vidonge. Vidonge ni vya haraka, sikatai, lakini vingi ni greni 50 au 30 kimoja (greni ni kipimo cha baruti na risasi), huwezi kuongeza greni 5 ukaona gobore linapenda nini. Na ukitumia vile vya Pyrodex, upande mweusi unatazama fataki. Ukivigeuza, moto unachelewa.

Gobore hili ni la kaliba .50. Naanza na greni 80 kwa ujazo, napanda tano tano, naishia 100. Kwa ujazo, jamani, siyo kwa mizani! Baruti ya Blackhorn 209, kwa mfano, greni 100 za ujazo zina uzito wa 70 hivi. Ukipima 100 kwenye mizani umezidisha vibaya. Na baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, haingii humu hata kijiko. Mtutu unapasuka. Soma kitabu cha bunduki yako uone kikomo chake.

Mimina kwenye kipimo, kisha kutoka kwenye kipimo mimina mtutuni. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye kopo: kaa moja lililobaki ndani likikutana na kopo zima, umeshika bomu. Hii mirija midogo yenye mistari, ya kuwekea baruti iliyokwisha kupimwa, tunaiuza, maelezo yako chini ya video. Ila hata kichupa chako chenye kifuniko kizuri kinatosha, sitawadanganya.

Gonga mtutu ubavuni mara mbili, baruti itulie. Risasi: greni 250, imevaa saboti, yaani kile kikombe cha plastiki. Ikae wima mdomoni, isukume kwa kirungu kifupi, kisha mdeki. Sukuma kwa mkupuo mmoja wenye nguvu sawa. Usidundishe mdeki kama unatwanga kisamvu, unaiharibu ncha ya risasi. Imefika? Weka alama ya pili. Hapa. Kuanzia sasa, kila risasi lazima mdeki usimame kwenye alama hii, na ukibadilisha kipimo cha baruti, unachora alama mpya.

Fataki ni ya mwisho. Toa mdeki, hakikisha uko mezani na siyo mtutuni, ndipo uweke fataki.

Tunaanza yadi 25, siyo 100. Ukianza 100 na darubini mpya unaweza kupiga risasi tano usione hata moja kwenye karatasi, na bei ya saboti mnaijua. Mifuko ya mchanga iwe chini ya mbao ya mbele na chini ya tako. Mtutu usiguse kitu. Vuta pumzi, toa nusu, bana kifyatulio taratibu.

Moshi huo. Mzuri eh?

Usiguse darubini. Risasi moja haisemi kitu. Tunahitaji tatu.

Sasa tunafika pale ninapotaka mtulie. Kiraka cha kusafishia kati ya risasi na risasi. Kiwe na UNYEVU, kisiwe KIMELOWA. Ukikibana kwa vidole na tone likatoka, kimelowa, tupa. Kiraka kilicholowa kinasukuma maji na masizi mpaka kwenye kizibo, yanaziba njia ya moto, na baruti ya chini inakuwa uji. Mimi natia mate tu. Yanatosha kabisa, na hayauzwi. Kimoja chenye unyevu: pande zote mbili, polepole, ingia hatua fupi, toka. Kisha vikavu viwili. Triple Seven inahitaji hivyo kila risasi kwa sababu inaacha pete ngumu ya masizi pale risasi inapokaa. Blackhorn haihitaji, na maji hayaifai. Ile ina dawa yake.

Ya pili. Baruti, saboti, mdeki... ngojeni. Ngojeni kidogo. Sogeza kamera hapa. Mnaona alama? Iko juu ya mdomo wa mtutu, upana wa kidole. Risasi haijakaa juu ya baruti, imekwama kwenye ile pete. Nilipitisha kile kiraka haraka haraka. Hapa mtu anasema "si kidogo tu", anaweka fataki. USIFYATUE. Nafasi ikiwa tupu kati ya risasi na baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka, na mkono wako wa kushoto uko juu yake. Sukuma tena, uzito wa mwili juu ya mdeki, uso pembeni. Ile... imeshuka. Alama imekaa. Sasa ndiyo fataki.

Tii! Fataki imelia, baruti kimya.

Msisogee, mtutu ubaki kwenye shabaha. Moto unaweza kuwa unatambaa humo ndani. Tunahesabu dakika mbili kamili, bunduki ikiwa begani au kwenye mifuko, hakuna kuchungulia wala kufungua. Na mwajua sababu? Kiraka. Nimewaambia kisilowe, na hiki kililowa. Kamera haina aibu.

Dakika mbili zimekwisha. Fataki mpya. Imewaka. Isingewaka, ningetoa fataki, nikafungua kizibo cha nyuma, nikamwaga baruti na kusukuma risasi itokee mbele. Risasi hiyo siihesabu, baruti ilikuwa na unyevu. Tunapiga nyingine mbili, safi.

Haya, karatasi. Tatu zinafunikwa na sarafu moja, ziko inchi 2 kushoto na inchi 1 chini. Darubini hii kliki moja, yaani mlio mmoja wa kitufe cha kurekebishia, inasogeza risasi robo inchi kwa yadi 100. Kwa yadi 25 kliki hiyohiyo ni robo ya robo, kwa hiyo inchi moja ni kliki 16. Watu wengi wanakosea hapa: wanazungusha kliki 8 na kushangaa risasi haijasogea. Kulia 32, juu 16. Moja ya kuhakiki. Katikati.

Yadi 100 sasa, na mtutu upoe kati ya risasi. Ukishindwa kuushika kwa kiganja, subiri. Tatu tena. Inchi moja na nusu kushoto, urefu uko sawa. Kliki 6 kulia. Basi.

Nikipiga ziro yadi 100 kwa mzigo huu, yadi 150 risasi inashuka inchi 5 hivi. Pigeni karatasi huko wenyewe kabla ya kumpigia kulungu. Na risasi ya kwanza porini inatoka kwenye mtutu baridi, kwa hiyo rudini siku nyingine mpige moja tu, baridi, muione inaangukia wapi.

Sheria kidogo. Hapa Pennsylvania gobore kama hili lina wiki yake ya Oktoba, kulungu wasio na pembe. Msimu wa baada ya Krismasi ni wa gobore la jiwe la kiberiti tu, lile linalowashwa na cheche za jiwe badala ya fataki. Colorado, kwenye msimu wa magobore, darubini, saboti na vidonge vyote marufuku. Someni kitabu cha jimbo lenu kabla ya kununua.

Usafi ni leo hiihii, siyo kesho. Maji moto na sabuni, viraka mpaka vitoke vyeupe, kausha, mafuta mepesi. Kizibo kitoe, sugua, paka grisi kwenye nyuzi zake kabla ya kukirudisha. Kisipopakwa grisi kinagandia humo, na Oktoba ijayo utakihangaikia kwa spana mpaka usiku.