Umeenda Marekani Kujifunza Viraka?

Asalaam aleikum, shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wote: Mtwara kuchele! Leo sipo Louisville, kule Marekani. Huyo jogoo mnayemsikia sijambandika kwenye video, ni jogoo wa mama, na mimi nipo uani kwetu Mikindani, likizo ya wiki nne. Kusi inavuma leo, kwa hiyo mkisikia maiki inakoroma mnivumilie.

Mmekuwa mnaniandikia: dada, mbona siku hizi hutuonyeshi mishono? Ukweli ni kwamba nilikauka. Kule Kentucky usiku nafunga maboksi ghalani, mchana nawashonea Waswahili wenzangu, na pale Louisville tupo wengi, Wakongo, Warundi, sisi Wabongo. Kila mteja anakuja na simu mkononi: nishonee hii. Picha ileile, mikono ya puto ileile. Nikageuka mashine ya kutoa kopi. Ikafika mahali kitenge kipya kinakaa mezani wiki mbili, nakikwepa kama mtu anayenidai.

Sasa mwezi wa nne mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa Kimarekani, akaniambia twende Paducah kwenye maonyesho ya kwilti. Nikakubali kwa sababu ilikuwa siku ya mapumziko na gari ni lake. Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, tumeendesha saa tatu na nusu, tunafika, simu inasema saa moja na nusu. Nikajua imeharibika. Kumbe upande wa magharibi wa jimbo lilelile la Kentucky saa zao ziko nyuma kwa moja. Hebu fikiria Mtwara mjini saa mbili, Masasi saa moja.

Kwa asiyeijua kwilti: unachukua vipande vya vitambaa, unaviunga mpaka vinakuwa nguo moja kubwa. Chini yake unatandaza pamba, fikiria sufi ya godoro lakini nyembamba. Chini kabisa unaweka kitambaa kizima. Kisha unapitisha uzi tabaka zote tatu kwa pamoja, mistari, maua, mawimbi, upendavyo. Huo uzi unaopenya tabaka tatu ndio unaoifanya iwe kwilti. Wanajifunika, wanatandika, na siku hizi wanatundika ukutani kama picha.

Na Paducah ni mji mdogo jamani, umekaa pale mto Tennessee unapoingia mto Ohio. Lakini unaishi kwa sindano kama sisi tunavyoishi kwa korosho. Maonyesho wanayafanya tangu 1985, wana makumbusho ya kwilti tangu 1991, na mwaka 2013 UNESCO ikaupa nafasi kwenye miji bunifu ya dunia kwa ajili ya kazi za mikono. Tena kazi za mikono zenyewe za akina bibi wenye miwani! Nikaifikiria Mikindani yetu na mikeka yake, nikanyamaza.

Ndani ukumbi mzima mapazia meusi, na kwilti zimening'inizwa kila upande, nyingine zina riboni za washindi. Niseme kweli? Za washindi zilinichosha. Kuna moja ya ndege, manyoya yameshonwa mpaka unadhani ni picha ya kamera. Nilistaajabu lakini sikuitamani. Kitu kikishakamilika kiasi hicho hakikuachii pa kuingilia. Nikaanza kutafuta sehemu ya chakula.

Njiani nikakuta kwilti moja ndogo, ya kahawia na bluu, haina riboni, na mistari yake haijanyooka hata kidogo. Nikasimama, mkono ukaenda wenyewe kutaka kushika. Bibi mmoja wa Kizungu akanijia mbio, nikajua nimeharibu. Sheria pale ni kutogusa, mafuta ya vidole yanachafua kitambaa. Lakini wana wazee wa kujitolea wamevaa glovu nyeupe, na kazi ya wazee hao ni kukuonyesha upande wa nyuma. Bibi akashika pindo kwa vidole viwili, taratibu, kama anayefunua uso wa bibi harusi, akanigeuzia.

Nyuma! Sikuona fundo hata moja. Mishono ile niliyodhani imeenda ovyo kule mbele, huku nyuma imetembea kwa hatua sawasawa, kama kunguru kapita kwenye mchanga mbichi. Kwa hiyo yule fundi mkono wake ni wa uhakika, ile mistari ya mbele kaipinda kwa kutaka. Na kwenye kona kuna kipande cheupe kimeandikwa kwa wino: jina lake, mji wake, mwaka. Mimi nimeshona nguo tangu nina miaka kumi na tano na sijawahi kuandika jina langu popote.

Hapohapo hamu ya chakula ikaisha.

Kulikuwa na meza wanauza vitabu. Nikafungua kimoja nikiwa nimesimama, nikakutana na akina mama wa Gee's Bend. Hicho ni kijiji Alabama, mto umekizunguka pande tatu, na wakazi wake ni weusi, vizazi vya watu waliokuwa watumwa kwenye mashamba ya pamba palepale. Nyumba zao zilikuwa za mbao, upepo unapita kwenye nyufa, na kitambaa cha kununua hakuna. Wakawa wanakata nguo za kazi zilizochakaa, wanaunga, wanajifunika. Hakuna aliyekuwa anatafuta sanaa, walikuwa wanatafuta joto. Mwaka 2002 kwilti hizohizo zikatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikazitolea stempu za posta.

Kuna mmoja aliitwa Missouri Pettway. Baada ya mumewe kufariki, mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za marehemu akazikata, akashona kwilti ya kujifunika na kumkumbukia. Hii habari niliisoma mara mbili. Mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Baba yangu alitutoka mwaka juzi. Wengi mnajua sikuwahi maziko, makaratasi yalinikwamisha. Niliyafuata kwa simu, na mtandao ukawa unakata.

Basi nimefika nyumbani, siku ya tatu nikamuuliza mama kuhusu nguo za baba. Akasema baada ya arobaini aligawa, kama ilivyo desturi. Kanzu zimekwenda, mashati yamekwenda. Zimebaki ovaroli mbili za bluu, alizokuwa anavaa bandarini na akirudi anaingia nazo shambani, hakuna aliyezitaka kwa sababu zina madoa ya bibo. Na mnaotoka huku mnajua, maji ya bibo yakikaa kwenye nguo, fua, anika, piga kwenye jiwe, hayatoki mpaka nguo ife.

Nikamwambia mama nataka kuzikata nizishone. Akanitazama. "Mwanangu, umepanda ndege kwenda Marekani kujifunza viraka?"

Nikajitetea. Nikasema mama, hata kanga inasimuliwa ilianza kwa kuunga. Karne ya 19 akina mama wa pwani walikuwa wananunua leso za Kireno zikiwa bado gora, hazijatenganishwa, wanakata tatu na tatu, wanaziunga ubavu kwa ubavu, wanapata nguo moja ya leso sita. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo kanga wanaiita leso. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo ni kanga. Hizi ni suruali za baba yako."

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, ana miaka kumi na miwili, kichwani ana mpira tu. Kasema, "Bibi, mbona kwenye timu mchezaji kiraka ndiye kocha anampenda? Beki anacheza, kiungo anacheza." Mama akacheka, akaniachia mkasi. Lakini neno viraka hajaliondoa, na mimi nimeamua nisilikwepe. Hii ninayoshona ni ya viraka.

Sogeeni niwaonyeshe. Kamera inaona? Hapa nilifumua mfuko wa kifuani wa ovaroli. Nje kote bluu imepauka, imekuwa kama anga la saa sita mchana. Chini ya mfuko, tazameni, bluu ya dukani kabisa, mraba mzima, jua la Mtwara halijawahi kufika hapo. Kwenye kwilti za Gee's Bend niliziona alama hizihizi, mahali mfuko ulipokuwa pamebaki giza. Nilipoliona hili la baba nilikaa kitako. Nimelifanya kati. Huu mraba unakaa katikati, vipande virefu vinauzunguka kimoja baada ya kingine mpaka nje. Wenzetu wale mtindo huu wanauita Paa la Nyumba. Doa la bibo nimelileta mbele, hili hapa, sijalificha.

Na msinijie na "joto lote hili, blanketi la nini?" Nimeliwaza hilo. Sufi siweki. Tabaka mbili tu, juu ovaroli, chini kanga ya kisutu aliyonipa mama mdogo, kwa hiyo ni shuka nzito. Mwezi huu usiku unafaa hapa, na ukienda nayo Newala kule juu, kwenye ukungu wa asubuhi, utanishukuru.

Kwa mafundi wenzangu wa huku: yale mabaki mnayofagia jioni mkachomea taka, mniwekee. Juzi nilipita kwa fundi mmoja pale sokoni mjini, akanipa mfuko mzima bure, akaniuliza mara tatu kama najisikia vizuri. Na nikirudi Louisville nitamtafuta huyo Bisa Butler nione kazi zake kwa macho, Mmarekani mwenye baba wa Ghana, anayetengeneza sura za watu kwa vitenge mpaka unaona jasho kwenye paji la uso. Vitenge hivihivi ambavyo mimi nilikuwa naviona mikono ya puto tu.

Ngoja, mama anakuja. Mama, wasalimie watu... Hataki, anasema hajavaa vizuri. Sasa ameichukua. Mnaona anavyofanya? Hajaangalia mbele hata kidogo, ameigeuza. Huyu ameshona mikeka miaka arobaini, ukili kwa ukili, anapitisha kidole kwenye kila muungo.

"Huku nyuma kashona nani, wewe au mbuzi?"

Mimi, mama.

"Fumua hapa mpaka hapa."

Ni vipande vitatu, jamani, kazi ya jana kutwa nzima. Ameniwekea wembe mkekani na amekaa palepale, ameshika upande wa pili wa nguo ili ikazike nipate kukata uzi vizuri. Betri imebaki asilimia nane. Mpwa wangu, zima hiyo simu uje ushike taa, giza linaingia.