Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Kuchagua Spea za Injini Kongwe ya Pikapu

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na nyinyi wenye magari mliokuja na mifuko ya vipande vya chuma mkitaka nivitazame, asanteni kwa kuniitikia. Nitavitazama, lakini baadaye. Kwanza tuzungumze.

Hapa mezani kuna bloku, yaani chuma kikuu cha injini chenye matundu ya silinda. Wanaoijua wameshaitambua kwa urefu wake: Ford 300, silinda sita za mstari mmoja, lita 4.9. Ford waliitoa Marekani mwaka 1965 na wakaendelea nayo hadi 1996, kwenye pikapu za F na mitambo mingine mingi ya kazi. Nimeichagua kwa sababu ni mwalimu mzuri. Toleo lake la injekta, lililoingia kwenye pikapu 1987, lilikuwa na nguvu farasi kama 150 tu, kwenye mizunguko 3,400 kwa dakika. Kijana mmoja mlangoni amecheka, na ana haki: leo injini ya lita moja na nusu yenye tabo inafika hapo. Ila torki yake, yaani ile nguvu ya kusokota krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), ilikuwa takriban nyutoni-mita 360, na kilele chake kilikuwa kwenye mizunguko 2,000. Ndiyo maana gari hili linaondoka na mzigo bila kelele, kama punda aliyezoea njia.

Sasa angalieni hesabu. Nyutoni-mita 360 kwenye mizunguko 2,000 ni kilowati 75, kama nguvu farasi 100. Pikapu inayobeba mzigo inaishi hapo, kati ya 1,200 na 3,000. Zaidi ya hapo inapita mara chache, ikilazimika. Basi kila kipuri utakachonunua kiulize swali moja: wewe unafanya kazi vizuri wapi? Kikijibu "kwenye 5,000", kirudishe kwenye boksi lake, hata kama kinang'aa.

Nasema hivi kwa sababu nimelipa ada ya somo hili. Injini yangu ya kwanza ya aina hii niliiwekea kamshafti kubwa, yaani shafti ya nundu zinazofungua valvu, iliyochongwa ili kuziacha wazi kwa muda mrefu. Ilikuwa inanguruma kwa kudundadunda, watu wanageuka kutazama, nami najiona fundi. Nikapakia mzigo, nikafika kwenye mlima ambao injini chakavu ya awali ilikuwa ikiupanda kwa gia ya tatu. Nikaupanda kwa gia ya kwanza. Nilishusha injini upya kwa aibu.

Kilichotokea ni hiki. Pistoni ikifika chini kabisa, valvu ya kuingiza hewa huwa bado haijafunga. Inafunga baadaye kidogo, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Kwenye mwendo mkubwa hilo ni faida, kwa kuwa hewa inayoingia kwa kasi inaendelea kujisukuma ndani. Kwenye mizunguko 1,500 hewa haina kasi hiyo, kwa hiyo pistoni inaisukuma irudi ilikotoka. Kamshafti kubwa inachelewesha kufunga huko zaidi. Umechoma mafuta, umenunua chuma ghali, halafu silinda inabana nusu ya pumzi yake. Kwa injini ya kuvuta mzigo, mimi sivuki nyuzi 210 za mzunguko wa krenki kwa muda wa valvu ya kuingiza kuwa wazi, ukipima kwenye mnyanyuko wa 0.050 ya inchi. Ukikosea, kosea upande wa udogo. Sijawahi kumwona mtu akilalamika kwamba pikapu yake inavuta mapema mno.

Na kamshafti hizi za zamani zina tapeti bapa, yaani vile vipande vinavyosukumwa na nundu ili valvu ifunguke, si za roli. Tapeti na nundu yake vinazoeana kama mguu na kiatu. Kamshafti mpya, tapeti mpya, zote, bila ubishi. Mtu akikuambia tapeti za zamani "bado nzima", mshukuru, zitupe. Hata zile nzima kweli ukizichanganya kwenye nundu nyingine zinakula chuma ndani ya nusu saa. Springi za valvu nazo zilingane na kamshafti hiyo. Springi ngumu kupita kiasi haziongezi kitu kwenye mizunguko 3,000, kazi yake inakuwa kusaga nundu tu. Oili ya kuanzia nayo ihesabuni kama kipuri: itafuteni yenye zinki ya kutosha, kwa kuwa oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa kemikali hiyo ili kulinda katalisti ya ekzosi.

Nimeanza na kamshafti kwa makusudi, maana ndipo wengi wanapoharibu. Lakini ukweli ni kwamba haiwi ya kwanza kununuliwa. Hakuna cha kununua kabla ya kupima.

Bloku ikishaoshwa, pima kila silinda juu, katikati na chini, na kila mahali pima mara mbili, kwa kukata msalaba. Silinda haichakai kwa usawa. Juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ndipo panapoliwa zaidi, kwa sababu joto ni kali na oili ni haba. Silinda ya tatu ikiwa imeliwa kuliko zote, basi hiyo ndiyo inayoamua saizi ya zote sita. Hapo ndipo unajua kama utakwenda 20, 30 au 40 za elfu ya inchi juu ya kipenyo cha awali. Baada ya hapo nunua pistoni. Baada ya kununua, zipeleke pistoni zenyewe kwa mchongaji, azipime, achonge bloku kufuata pistoni zilizo mkononi mwake. Kuna watu wanachonga kwanza kisha wanatafuta pistoni. Wapo pia wanaonunua pistoni za 30 kwa kuwa zimepatikana kwa bei nzuri, halafu wanakuta silinda inataka 40. Sitawauliza mnyooshe mikono.

Msiende kuchonga mkidhani mnatafuta nguvu. Silinda ya 300 ina kipenyo cha inchi 4 kamili, yaani milimita 101.6, na mwendo wa pistoni ni milimita 101 na ushei. Ukiongeza 30 za elfu, ujazo unapanda kwa asilimia moja na nusu. Hiyo hutaihisi hata ukiwa peke yako garini. Tunachonga ili silinda iwe duara tena, basi. Chonga kidogo kadiri inavyowezekana, ukuta wa silinda ubaki mnene, na mwenzako wa miaka ishirini ijayo naye apate pa kuchonga.

Pistoni za aina gani? Kwa kazi yetu, za kawaida za kumiminwa zinatosha, na zile zenye silikoni nyingi ni bora zaidi kwa kuwa hazitanuki sana na zinastahimili uchakavu. Pistoni za kufuliwa ni imara, hilo halina ubishi, lakini aina nyingi hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo huachiwa nafasi kubwa na asubuhi zinagonga hadi zipate joto. Zinafaa injini yenye tabo au ya mashindano. Ringi: za molibdeni zinakaa haraka silinda ikichongwa vizuri. Za kromu zinavumilia vumbi lakini zinachelewa kukaa. Mwanya wa ringi, kanuni ya kale ni 4 za elfu ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo, kwa hiyo hapa ni 16, kama milimita 0.4. Karatasi ya mtengenezaji ikisema zaidi, fuata karatasi, hasa kwenye pistoni zile za silikoni. Ringi zikikosa mwanya, zinapotanuka ncha zinagusana, na kinachofuata ni pistoni kuvunjika kichwa.

Kompresheni, yaani hewa na petroli vinabanwa mara ngapi ndani ya silinda, inataka utulivu kidogo. Silinda moja ya 300 ina sentimita za ujazo 820 hivi. Jumlisha nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa: chumba cha mlipuko kwenye silinda hedi, unene wa gasketi ikishabanwa, bonde la pistoni, na ile nafasi kati ya pistoni na uso wa bloku. Jumla ikiwa 110, kompresheni ni 8.5 kwa 1. Ikishuka hadi 100, unapata 9.2. Sentimita kumi tu za ujazo, kama vijiko viwili vya chai! Ndiyo maana watu wanapenda kuifungia 300 silinda hedi ya mdogo wake, ile 240, ambayo chumba chake ni kidogo. Ni njia nzuri na mimi nimeitumia. Ila ukiwa na kamshafti ndogo inayofunga valvu mapema, usipande hovyo, maana mgandamizo halisi unakuwa mkubwa, na kwenye mlima utasikia injini ikigonga kama kokoto kwenye kopo. Mimi nasimama karibu na 9 kwa petroli ya kawaida.

Kwenye silinda hedi hiyo hiyo, tazameni siti za valvu za ekzosi. Injini nyingi za zamani zilitegemea risasi iliyokuwa kwenye petroli kuzilinda. Petroli hiyo haipo tena. Nchi ya mwisho kuiuzia magari ilikuwa Algeria, ikaacha 2021. Bila risasi, siti laini ya chuma cha kumimina inazama polepole chini ya mzigo mzito, hadi valvu inakosa kufunga. Wekeni siti ngumu za kupachika. Ukishafungua hedi, hii si kazi ya kuahirisha.

Krenki ya 300 imekaa kwenye mein beringi saba, ndiyo sababu inadumu. Shingo zake, yaani sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, zikiwa bado ziko saizi na hazina mikwaruzo, ing'arisheni tu. Kama ni za kuchongwa, nunueni beringi baada ya mchongaji kuwapa kipimo, kwa mantiki ile ile ya pistoni. Nafasi ya oili ni kama elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya unene wa shingo. Nafasi hiyo ikiwa sawa, pampu ya kawaida inatosha kabisa. Pampu kubwa watu wanaipenda kwa sababu geji ya presha ya oili inapanda, lakini inaongezea mzigo gia inayoizungusha kupitia distribyuta, na haiponyi beringi iliyolegea.

Sasa gia za taimingi, zile zinazoiunganisha krenki na kamshafti. Injini hii haina cheni. Gia ya krenki ni ya chuma, na ile ya kamshafti kwenye pikapu nyingi ilikuwa ya nyuzi na gundi ngumu ili iwe kimya. Baada ya miaka thelathini, meno yake yanakatika. Vipande vinaangukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, vinaziba chujio la kunyonya oili, na injini inakufa kwa kiu huku sampu imejaa. Badilisheni gia, na chujio pia. Mimi naweka ya chuma au alumini, nakubali mluzi wake. Na ile puli ya mbele yenye mpira katikati, ikaguliwe. Mpira ukiteleza, alama ya taimingi inasogea, nanyi mtakuwa mnaweka taimingi ya cheche kwa alama inayodanganya.

Kabureta na ekzosi nitavipita haraka. Lita 4.9 kwenye mizunguko 3,500 haivuti zaidi ya lita 7,000 za hewa kwa dakika, tena hapo nimekuwa mkarimu. Kabureta ndogo inatosha. Kubwa inapunguza kasi ya hewa, na matone ya petroli yanaanguka njiani. Kwa ekzosi, manifoldi zile mbili za chuma kutoka matoleo ya injekta zinafunga kwenye injini za kabureta na zinapumua vizuri kuliko ile moja ya zamani. Kumbukeni tu kwamba ile ya zamani ilikuwa inapasha joto sehemu ya chini ya kabureta. Ukiiondoa, tafuta njia nyingine ya kupasha, la sivyo asubuhi za baridi injini itakohoa.

Mzee pale nyuma ameuliza kama anaweza kubadilisha ringi tu na beringi, bila kuchonga, kwa sababu gari halikuwa linakula oili sana. Inawezekana, mzee wangu, ikiwa silinda bado ni duara. Ringi mpya haiwezi kufuata ukuta ulioliwa, nayo ikipita pale penye ngazi juu ya silinda, ule ukingo ulioachwa na ringi za zamani, inaweza kuvunjika. Jibu langu halipo kwenye oili iliyoliwa, lipo kwenye namba.

Na kwa kuwa umeuliza, njoo mbele. Bloku hii sijaipima, nimeileta hivyo kwa makusudi. Maikromita hii hapa, geji ya silinda hii hapa, kijana wa mlangoni ataandika. Tuanze na silinda ya kwanza, juu, chini kidogo ya ngazi.