Mwanga wa moto ndani ya presha kubwa: usiusome kwa macho tu

Salaam aleikum jamani, hamjambo. Naona hapa kuna watu wa injini, wa bandarini, wa mitambo ya umeme ya Kipevu, na vijana wa kemia, so naenda moja kwa moja.

Ile buluu ya jiko la gesi haitokani na joto peke yake. Gesi ikiungua kuna riaksheni zinazozaa molekyuli ikiwa tayari imejaa nguvu kupita kiasi, na ikiitema ile nguvu yatoka kama mwanga. Hizo ni vipande vidogo vinavyozaliwa ndani ya moto: CH (kaboni na haidrojeni) hutema kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 431 hivi, ndio buluu yenyewe, C2 (kaboni mbili) hutema kijani karibu na 516, na OH (oksijeni na haidrojeni) hutema kwenye 308 hivi, hapo jicho halioni kitu lakini kamera yenye filta yake yaona. Ile OH iliyojaa nguvu, kwenye karatasi twaitia kinyota, OH*, kuitenga na OH ya kawaida.

Watu wa mitambo waipenda sana OH* kwa sababu kwenye moto wa gesi na mafuta huzaliwa palepale panapowaka, CH ikikutana na oksijeni, so ukipiga picha wajua moto umekaa wapi, na hukutia chochote ndani ya silinda ila kioo cha kuchungulia. Hapo ndipo wengi huteleza, wasema mwanga mwingi basi joto jingi, kwisha. Presha ya kawaida mara nyingi utapona na hesabu hio, lakini dizeli ikibana mpaka bar 100 na zaidi, hapana.

Sikizeni kwa nini. OH* ikiachwa peke yake hukaa kama mikrosekunde 0.7 ndio iteme mwanga. Sasa fikiria mtu kabeba kikombe cha kahawa kimejaa pomoni kwenye feri ya Likoni saa ile watu watoka kazini, ng'ambo hafiki nayo, ashagongwa huku na huku imemwagika yote. Ndio OH* hio, ikigongwa na molekyuli nyingine yapoteza nguvu bila kutema mwanga, na mvuke wa maji ndio mgongaji mbaya, naitrojeni ana nafuu. Hata kwenye presha ya kawaida zinazofaulu kutema mwanga ni chache tu katika elfu! Zidisha presha mara 10, na kugongana kwazidi mara 10 hivi.

Kwa hio modeli ya kompyuta ya kukadiria mwanga huu yaanza na hesabu moja: OH* iliyopo ni kasi ya kuzaliwa, gawanya kwa kasi ya kutema mwanga ukijumlisha na kasi ya kugongwa. Yaonekana rahisi lakini kila kipande chabadilika na presha, hata huko kuzaliwa, maana CH yenyewe hupungua moto ukibanwa. Na kwenye roketi za haidrojeni na oksijeni, joto likipita Kelvin 3000, OH ya kawaida hupandishwa nguvu kwa kugongwa tu, so mwanga unaouona wakupa habari ya joto, si ya riaksheni. Halafu OH ya kawaida iliyojaa njiani huumeza mwanga huohuo kabla haujafika kiooni! Mimi nasema modeli isiyoufuata mwanga mpaka kwenye kamera haijamaliza kazi, hata kama kemia yake ni safi.

Vijana, GRI-Mech 3.0, ile orodha ya riaksheni za gesi asilia, ina kemikali 53 na riaksheni 325 lakini OH* haimo, wewe mwenyewe waongeza kuzaliwa kwake, kugongwa kwake na mwanga wake. Cantera ni programu ya bure ya kupigia hesabu hizo riaksheni, laptopu ya kawaida yatosha. Anzeni na haidrojeni, pale H na O zikiungana mbele ya molekyuli ya tatu ndio OH* yatoka, riaksheni ni chache mtaielewa yote, kisha methani. Mafuta mazito ya meli yaacheni mwisho kabisa, masizi yake yang'aa manjano mpaka CH na C2 zafunikwa, na hata pale 308 yabidi uutoe mwanga wa masizi kwanza ndio uanze kuhesabu OH*.