Bima Ndogo, Bima Kubwa, na Deni Linalobaki Juu Yake

(Mhadhara kwa wanachama wa SACCOS, Njiro, Arusha)

Mwenyekiti, viongozi wetu, wazee wangu shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie bima mwavuli, yaani bima ya ziada inayokaa juu ya bima zako za kawaida, na nimefurahi kuombwa. Nikiangalia humu ukumbini naona wenye Noah na Coaster, wenye Land Cruiser za watalii, wenye vyumba vya kupangisha Sakina na Kijenge, wenye mashamba kule Usa River. Mna mali inayotosha kumfanya mtu awapeleke mahakamani, lakini wengi wenu hamna mali ya kutosha kumlipa akishinda. Kundi hili ndilo ninalolihofia zaidi.

Tukienda kukata bima ya gari tunaulizwa: ndogo au kubwa? Bima ndogo inawalipa watu wa nje uliowadhuru. Bima kubwa inalipa hao hao, halafu inaongeza gari lako mwenyewe, likigongwa, likiibiwa au likiungua. Ukubwa wake mwingi uko kwenye gari lako. Kwa upande wa watu uliowaumiza, mara nyingi zote mbili zinakupa ulinzi wa namna moja. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari awe na bima kwa ajili ya wengine, na inalenga hasa kifo na majeraha ya mwili. Trafiki akikusimamisha pale Kisongo anaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kama bima yako iko hai. Kikomo, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni ya bima italipa, hakikaguliwi barabarani. Kikomo kimeandikwa ndani ya hati ya bima, na hati hiyo wengi wetu tumeiacha kwa wakala au imekunjwa kwenye droo ya gari bila kusomwa.

Tufanye hesabu. Kijana wa miaka 34 anaongoza watalii, anapata shilingi 1,200,000 kwa mwezi, ana mke na watoto wawili. Gari lako linamgonga, anafariki. Kwa mwaka alikuwa anaingiza 14,400,000. Tuondoe theluthi moja, ile ambayo angeitumia mwenyewe. Familia imepoteza 9,600,000 kila mwaka. Mahakama haitahesabu miaka yote hadi uzee wake, kwa sababu fedha zinatolewa kwa mkupuo na maisha yana mengi. Tuseme ichukue miaka 13. Jibu ni 124,800,000. Kama kikomo cha bima yako kwa mtu mmoja ni milioni 50, kampuni inalipa milioni 50 na inamaliza kazi yake kihalali kabisa. Milioni 74.8 zinabaki juu yako. Na huyo ni mtu mmoja, mwenye kipato cha kawaida cha mji huu.

Namba hizi nimezitunga kwa mfano, lakini njia ya kuhesabu ndiyo hiyo. Naomba mlitazame jambo moja: hakuna mahali popote katika hesabu hiyo palipoingia bei ya gari lako. Noah iliyochoka ya milioni 9 inaweza kuzaa deni lile lile la Land Cruiser ya milioni 100. Fidia inafuata maisha ya aliyeumia.

Kuna pia kikomo cha tukio zima. Sote tuliokuwa Arusha Mei 2017 tunakumbuka siku basi la wanafunzi lilipotumbukia korongoni Rhotia, Karatu, tukapoteza watoto zaidi ya 30 asubuhi moja. Sisemi lolote juu ya lawama au madai ya ajali ile. Naiheshimu misiba ya familia zile. Nasema tu kwamba mwenye Coaster anapaswa kuuliza: kikomo changu cha tukio moja, kikigawanywa kwa viti vyote vya gari langu, kila abiria anabakiwa na shilingi ngapi?

Sasa wengine mtasema, mimi siendeshi, nina dereva wangu. Dereva akikosea akiwa kwenye kazi yako, jela inaweza kuwa yake, lakini fidia ni yako pia. Sheria inamfuata mwajiri hata kama alikuwa amelala nyumbani.

Na si magari peke yake. Mwaka 1868, Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, House of Lords, iliamua kesi ya Rylands na Fletcher. Rylands alikuwa na kiwanda Lancashire, akawapa mafundi kazi ya kumjengea bwawa. Maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani chini ya ardhi, yakafurika mgodi wa makaa wa Fletcher. Uzembe ulikuwa wa mafundi. Rylands mwenyewe hakufanya uzembe wowote. Akaambiwa alipe. Mnauliza inatuhusu nini? Sheria yetu ya mahakama, Sura ya 358, inapokea kanuni za "common law" ya Uingereza, yaani zile zilizojengwa na maamuzi ya majaji, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria zetu hazijaweka utaratibu mwingine na hali yetu inaruhusu. Kwa hiyo wewe uliyechimba bwawa la samaki juu ya nyumba ya jirani kwenye miteremko ya Meru, mvua za Aprili zikilipasua, usitegemee kusema "ni kosa la fundi".

Bima mwavuli inaanza kazi pale ambapo bima yako ya msingi imefika kikomo. Katika mfano wetu, ukiwa na mwavuli wa milioni 300, ile milioni 74.8 inalipwa na mwavuli, nao unakaa juu ya gari, nyumba na biashara kwa pamoja kama ulivyokubaliana. Baadhi ya hati zinagusa hata madai ambayo bima ya msingi haiyagusi kabisa, kama kesi ya kumkashifu mtu, baada ya wewe kulipa kiasi fulani cha kwanza mfukoni. Marekani inauzwa kwa mtu binafsi, kwa kawaida kuanzia dola milioni 1, na kampuni zinadai kwanza uwe na bima ya gari yenye kikomo kizuri, mara nyingi dola 250,000 kwa mtu na 500,000 kwa ajali. Sharti hilo lina mantiki: bima ya msingi ikiisha muda wake bila wewe kuihuisha, pengo la chini ni lako, mwavuli haushuki kulijaza.

Hapa kwetu, kwa mtu binafsi, njia iliyo karibu ni kuomba nyongeza ya kikomo kwenye bima uliyo nayo na kukata bima ya dhima kwa umma, yaani inayolipa watu wa nje waliodhurika, kwa ajili ya nyumba au biashara. Kampuni za utalii mna nafasi kubwa zaidi ya kuomba tabaka la pili la bima juu ya ile ya msingi. Mawakala wenu wa safari wa Ulaya wanaliulizia kwa sababu ya maana: kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya safari za vifurushi (usafiri, malazi na matembezi yakiuzwa pamoja) ya 2015, muuzaji wa safari anawajibika kwa mteja hata kosa likitokea Ngorongoro. Akishalipa, atageuka kukutafuta wewe.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la msiba, maana hapa ndipo watu wema wanapoumia. Ajali imetokea, mtu amefariki. Mila zetu zinataka uende, ukae na wafiwa, utoe rambirambi. Nenda. Asikuzuie mtu yeyote, wala wakala. Lakini hati nyingi za bima zina sharti kwamba usikubali kosa, usiahidi malipo, wala usimalizane na mtu bila idhini ya kampuni. Wazee wakiitisha kikao mkaandikiana karatasi kwamba "nimekubali kulipa milioni 80 na ng'ombe wawili", umeipa kampuni sababu ya kujitoa, na mwavuli utajitoa nao. Rambirambi iandikwe rambirambi. Toa taarifa kwa kampuni mapema, na kikao cha kumalizana kifanyike mwakilishi wao akijua.

Hakuna bima itakayolipa ulichokusudia, wala faini ya mahakama. Mfanyakazi wako aliyeumia kazini ana njia yake, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Usiuchanganye na haya.

Usipolipa je? Aliyedhuriwa ana miaka 3 ya kufungua shauri. Akipata hukumu ana miaka 12 ya kuikazia, yaani kuitekeleza kwa kukamata mali yako. Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 48, inailinda nyumba unayoishi na familia yako. Vile vyumba vya kupangisha, kiwanja, gari la pili na akaunti ya benki havimo katika ulinzi huo, na ndivyo mnavyotegemea kusomesha watoto.

Mama mmoja amenipa karatasi. Ana vyumba sita vya wapangaji na kisima uani, anauliza mtoto wa mpangaji akitumbukia ni juu ya nani. Mama, ua ni wako na kisima ni chako, kwa hiyo wa kwanza kuulizwa ni wewe. Kifunike kwa zege wiki hii, kabla hujaenda kwa wakala. Ukifika kwake omba bima ya dhima ya mmiliki wa jengo, mwonyeshe picha ya mfuniko, uliza kikomo cha mtu mmoja na cha tukio zima, na majibu yote uyapate kwa maandishi.